Pistoni za Kumi na Moja kwa Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Foreman wa gereji moja ya Kasese aliniuliza kama naijua pistoni. Nikamjibu kwamba naijua kama ninavyomjua mama aliyenizaa. Akasema, "Vizuri. Ingia stoo, uniletee moja." Nikaingia, nikavitazama vyuma vyote vilivyolala pale, nikachagua kilichong'aa kuliko vingine, nikamletea kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Foreman akakipokea, akakifunua, akanusa, kisha akajimiminia chai.

"Hili ni birika langu," alisema. "Pistoni ni kile kitu ulichojikwaa nacho mlangoni."

Habari hiyo nawapa bure, vijana, kwa sababu mtu aliyefika nilipofika mimi anaweza kuchekwa kidogo asipungue. Leo hii uliza kuanzia Kasese mjini mpaka daraja la mpakani, ni fundi gani wa kwanza kufunga gesi ya naitrasi kwenye motoka, na motoka ikashinda. Utaambiwa ni Kule. Kule ndiye mimi. Kwetu Wakonjo mtoto wa nne wa kiume huitwa hivyo, ila gerejini jina hilo limenipotezea wateja wengi. Mtu anauliza, "Fundi yuko wapi?" Anajibiwa, "Kule." Anashukuru, anaenda zake.

Shule niliiacha mapema, tulikuwa hatuelewani. Hesabu zangu zote nimezipata ndani ya silinda, na silinda haikupi alama za huruma. Ukikosea inakutoboa mfuko, ukipatia inanyamaza. Hakuna mwalimu mkali kama huyo.

Pistoni, kwa wale ambao bado wanaleta birika, ni kopo la alumini lililofunikwa kifudifudi ndani ya silinda. Likipanda linabana hewa na petroli, vikilipuka linasukumwa chini, na kutokana na kusukumwa huko motoka inatembea. Ubavuni limevaa pete za chuma tunazoziita ringi. Ringi haifungi duara lote, kuna pengo dogo mahali ncha zake mbili zinapokaribiana, nalo tunaliita mdomo. Foreman alinifundisha kupima mdomo wa ringi kabla hajanifundisha kushika spana. "Ringi ikipata moto inanenepa," alikuwa akisema. "Usipoiachia mdomo itakosa pa kunenepea, itakula silinda." Yeye mwenyewe alikuwa mnene, na ovaroli za gereji zilikuwa za saizi moja, kwa hiyo alilisema jambo hilo kwa uchungu wa kweli.

Kutoka kwa Foreman nilihamia Ibanda, kwenye barabara ya kwendea mlimani, gereji ya mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Afande hakufundisha, aliamrisha. Tulikuwa tukitengeneza magari yanayopandisha wageni na mizigo yao, na gari la mlimani likibebeshwa sana huanza kugonga. Kugonga si mlio wa chuma kulegea. Ni petroli inayolipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, wakati pistoni bado inapanda, nayo inapigwa utosini kama nyundo.

"Wewe! Kimya! Sikiliza!" Afande alikuwa akinishika sikio na kulisogeza kwenye injini. "Unasikia nini?"

"Maharagwe yanakaangwa, Afande."

"Ukisikia maharagwe, zima! Usiulize ya nani, zima!" Kisha, akishatulia, alinipa somo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Petroli ni kama kuruta. Ukimbana kidogo anafanya kazi. Ukimbana sana anafyatua risasi kabla ya amri."

Kubana huko ndiko tunakoita kompresheni. Mkielewa hilo la kuruta, yanayofuata yote mtayaelewa.

Nilipoona nimeshawazidi mabosi wote, nilifungua gereji yangu Bwera. Sisemi kwa kujisifu. Niliwazidi, na wao walijua. Niliichagua Bwera kwa sababu malori ya mpakani hayaishi kuharibika, na kwa sababu ya duka la spea lililokuwa mkabala, la dada mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aitwaye Masika. Masika alikuwa anaijua namba ya kila beringi kwa kichwa, na alikuwa na dharau nzuri sana. Nilianza kununua plagi kwake. Nilinunua plagi za magari niliyokuwa nayo, halafu za magari niliyotarajia kuyapata, halafu za magari ambayo hayajafika Uganda.

"Fundi," aliniambia siku moja, "injini zote za Bwera ukizijumlisha hazina matundu ya plagi mengi hivi. Kama uko na neno, sema neno."

Nikasema neno. Akacheka, akasema yeye hana shida, lakini baba yao alishafariki na sasa ruhusa iko kwa kaka yake mkubwa. Hapo ndipo Kambale alipoingia katika maisha yangu.

Kambale alikuwa anauza vitenge pande zote mbili za daraja. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, mpole kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: alikuwa na Toyota ya zamani ya lita mbili, na katika mashindano yanayofanyika kwenye kiwanja cha vumbi nje ya Kasese, motoka hiyo ilikuwa imeshindwa na ya mfanyabiashara mmoja wa chumvi wa Kabatoro. Huyo mtu wa chumvi, kila walipokutana sokoni, alimuuliza Kambale kama ameshafika mwisho wa mashindano.

Alikuja gerejini akiwa amebeba chupa ya gesi ya buluu, ameifunga kitenge kama mtoto mchanga.

"Fundi," alisema, "miye najua unapenda dada yangu. Bwera yote inajua. Ata mbuzi zinajua."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite shemeji. Kwanza niite kasitoma." Akaiweka chupa mezani polepole. "Hii ni naitrasi. Utanitengenezea moteur upya, ikule hii gesi. Nikishinda ule mutu wa chumvi, utakuja kwetu na wazee wako, tutaongea. Lakini ukipasua moteur yangu, Fundi, usivuke daraja. Ata kununua ndizi, usivuke."

Basi mmesikia wenyewe masharti. Kwa Kikonjo changu na Kinande chake tungeelewana vizuri, ni lugha za ndugu, lakini sisi mambo ya mbuzi na matusi tunayaongea kwa lugha za nyumbani, na injini, ile anayoiita moteur, tunaiongea kwa Kiswahili. Shikeni hilo, kwa sababu lilitaka kuniharibia ndoa.

Gesi ya naitrasi yenyewe haiwaki. Watu wengi hudhani ni petroli ya hewa. Kazi yake ni kubeba oksijeni nyingi na kuimwaga ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iungue kwa mara moja. Dereva anabonyeza batani, gesi na petroli ya ziada vinaingia pamoja, na motoka inaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Lakini nguvu hizo zote zinamwangukia nani? Pistoni. Kwa hiyo ukijenga injini ya naitrasi, jambo la kwanza ni pistoni. Zile za kiwandani ni za kumimina, yaani alumini iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu, na zikipata gesi zinavunjika kama biskuti. Unataka za kufua, zilizopigwa na kushindiliwa mpaka chuma kikashikana. Hapo mimi na Kambale tulikubaliana bila shida, kwa sababu yeye anapenda kitu chochote kilicho ghali kidogo.

Shida ilikuwa kompresheni. Chukua silinda moja ya motoka ile, nusu lita. Pistoni ikiwa chini, una ile nusu lita pamoja na kijinafasi kinachobaki juu. Ikipanda, vyote vinabanwa ndani ya kijinafasi hicho. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, hiyo ndiyo kompresheni. Pistoni yenye kifua, yaani iliyotuna juu, inakula nafasi na kubana sana. Yenye bakuli, iliyobonyea, inaacha nafasi na kubana kidogo. Na petroli yetu ya huku, nyingine inauzwa kwa chupa kando ya barabara na muuzaji anayekimbia ukimuuliza ilikotoka. Hiyo ni kuruta asiye na mafunzo. Ongeza gesi, ongeza joto la Kasese. Nikasema tisa kwa moja, na bakuli.

"Mutu wa chumvi iko na ngapi?" Kambale aliuliza.

"Kumi kwa moja, nasikia. Lakini yeye hana gesi."

"Basi miye, kumi na moja."

"Kasitoma, huu si mnada wa mbuzi. Ukizidisha unapasua."

"Tisa iko chini ya kumi. Ata mutoto wa maternelle anajua. Unataka niende Kasese mbele ya batu na tisa? Batanicheka!"

Tulibishana mpaka Masika akavuka barabara kutoka dukani kwake, mikono kiunoni. "Nyinyi wanaume," alisema, "kati ya tisa na kumi na moja kuna namba gani?"

Kambale akahesabu kwa vidole. Tukakubaliana kumi.

Kumi nilikuwa naweza kuivumilia, kwa kuchelewesha cheche kidogo na kumwaga petroli ya ziada. Masika akampigia simu yule tuliyemwita Mzee wa Pistoni, muuzaji wa Kampala, akaiweka simu juu ya kaunta ili sote tusikie. Nikaongea mwenyewe, kwa sauti ya mtu mkubwa.

"Mzee, ni injini ya Toyota, lita mbili. Nataka za kufua, za kumi. Na moja kwa moja zipande basi la Bwera, zisilale njiani."

"Kumi na moja kwa moja?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo! Kumi, na moja kwa moja!"

"Kale, ssebo," alikubali kwa lugha ya Kampala. "Kumi na moja kwa moja. Nimeelewa."

"Umeelewa vizuri?"

"Kumi na moja kwa moja, mimi si mtoto."

Tukaagana kwa furaha. Na bado nasema, hata leo, na nitasema mbele ya baraza lolote: mimi sikukosea. Nilisema kumi. Nilisema na zije moja kwa moja. Mzee naye alisikia kila neno. Aliyekosea ni Kiswahili.

Basi lilileta boksi, na boksi limeandikwa kubwa ubavuni, kumi na moja, nukta mbili, moja. Nikalifungua. Pistoni zenyewe zilikuwa nzuri, nzito, zimenyooka, na kila moja ina kifua kama jogoo. Kambale akasoma boksi kwa sauti, akasoma tena, akaangalia juu.

"Mungu amesema!" alisema. "Miye nilikubali kumi kwa unyenyekevu, na Mungu ameongeza moja."

Tulimpigia Mzee. Akajibu kwamba pistoni zikishatoka dukani kwake ni kama maneno, hazirudi. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na mtu wa chumvi alikuwa ameshaanza kuuliza kama Kambale atahitaji kusukumwa.

Kambale alipoondoka, Masika aliokota pistoni moja, akaipapasa kile kifua.

"Hizi zitashika?"

"Zitashika mpaka gesi iingie. Baada ya hapo uanze kuzoea mume mwingine."

Akafikiri. Nilimpenda zaidi alipokuwa anafikiri, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta beringi asiyoiona kwa urahisi. "Basi zifanye ziwe tisa."

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu anasoma boksi," alisema. "Pistoni hasomi. Boksi mupatie."

Nikampatia. Kambale akaliweka kwenye rafu dukani kwake, juu ya vitenge vya bei, na kila aliyeingia alionyeshwa kumi na moja. Bwera nzima ikajua. Watu waliacha kumsalimia kwa jina, wakaanza kumwita Kumi na Moja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Kwa kumi na moja, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni vijiko kumi vya chai, sentimita hamsini za ujazo. Kwa tisa, inatakiwa sitini na mbili na nusu. Kwa hiyo nilitakiwa kutengeneza nafasi ya vijiko viwili na nusu katika kila silinda, bila kununua kitu ambacho Kambale angekiona. Nusu ya kwanza niliipata kwa gasketi ya kichwa. Gasketi ni bamba linalokaa kati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake lisivuje kitu. Masika alikuwa na bamba nene la shaba, tukakata gasketi iliyoizidi ya kawaida kwa milimita moja. Ukiinua kichwa milimita moja, umeongeza nafasi chini yake. Nusu ya pili ilikuwa kwenye vile vifua. Nikapanda na pistoni zangu hadi Kasese mjini, penye mashine ya kukereza, nikazinyoa.

Masika alinifuata. Alisema ana spea za kuchukua mjini. Nilimwona mlangoni akitazama chembe za alumini zikiruka.

"Kule, unanyoa nini?"

"Nanyoa kiburi cha kaka yako."

"Taratibu basi. Kiko karibu na ubongo."

Na alisema kweli bila kujua, maana kichwa cha pistoni kina unene wake. Ukinyoa sana kinabaki kama karatasi, gesi inapita katikati. Nilinyoa, nikapima, nikanyoa, nikazipima na uzito pia, maana pistoni nne za injini moja lazima ziwe na uzito mmoja, la sivyo injini inatetemeka kama mlevi ngazini. Kisha nikarudi Bwera kuhakikisha ujazo. Unapindua kichwa cha injini, unakifunika kioo chenye tundu, unajaza kimiminika kwa bomba la sindano mpaka kijae, unasoma umemwaga kiasi gani. Nilitumia sindano ya daktari wa ng'ombe, na kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yameisha, nikatumia waragi, pombe kali ya kwetu. Kambale akatokea, akasimama.

"Fundi, unabatiza moteur?"

"Napima, kasitoma."

"Iko kumi na moja?"

"Boksi linasemaje?"

"Kumi na moja!" alisema, akaenda zake anapiga mluzi. Waragi iliyobaki haikurudi chupani, na siwezi kueleza ilikokwenda.

Ringi niliziachia mdomo mpana kuliko wa kawaida, kwa heshima ya Foreman, kwa sababu gesi inaleta moto wa kunenepesha. Pistoni za kufua nazo zinataka nafasi kubwa pembeni, kwa hiyo injini ikiwa baridi zinalia ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake, mpaka zipate joto zijae. Kambale aliiwasha asubuhi ya Jumapili nje ya kanisa, na kina mama waliokuwa wanatoka misa wakatazamana wakiuliza ni nani anayetwanga siku ya Bwana. Alinijia mbio. Nikamwambia kumi na moja ndivyo inavyolia. Akarudi ameridhika kabisa, akaiacha iendelee kulia ili watu wasikie.

Siku ya mashindano nilimpa amri tatu, kwa sauti ya Afande. Usibonyeze gesi kabla ya gia ya tatu. Usibonyeze ukikata kona. Ukipita mstari wa mwisho, achia.

"Ndiyo, Fundi."

"Rudia."

"Gia ya tatu, hapana kona, achia." Jasho lilikuwa linamtoka. Masika alisimama pembeni yangu, alikuwa ameukamata mkono wa ovaroli yangu na kuusokota kama anayekamua nguo. Hapo nilijua kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa ndani ya silinda zile.

Kitambaa kikashuka. Mtu wa chumvi akaondoka mbele, vumbi lake lote likamwingia Kambale. Gia ya kwanza, nyuma. Gia ya pili, nyuma. Nikasikia gia ya tatu ikiingia, nikafumba macho, nikatega sikio kutafuta maharagwe. Hakukuwa na haragwe hata moja. Kulikuwa na mngurumo mmoja mnene uliopasua vumbi, na nilipofumbua macho Toyota ilikuwa inampita mtu wa chumvi kama imesahau kitu nyumbani. Watu walipiga kelele, "Kumi na Moja! Kumi na Moja!" Alimwacha kwa urefu wa motoka nzima.

Amri mbili alizitii. Ya tatu ilimshinda, jamani, kwa furaha. Alitoa mkono mmoja dirishani kuwapungia watu, na mkono mwingine uliobaki ulikuwa umekaza batani. Akapita mstari, akapita watu, akapita uzio, akaingia shamba la mahindi bado anapunga. Halafu ikasikika pshiiii, na wingu jeupe likapanda kutoka katikati ya mahindi.

Tulimkuta amesimama kando ya motoka, nusu ya uso inacheka, nusu inalia.

"Nimeshinda!" alisema. Kisha akaangalia ule mvuke. "Fundi. Umepasua moteur yangu."

Mnaona fumbo? Ameshinda, basi nivuke. Imepasuka, basi nisivuke. Tulirudi Bwera watatu katika motoka moja ya kukodi, Toyota ikivutwa nyuma yetu.

Niliifungua injini mwenyewe. Gasketi ya shaba ilikuwa imepasuka kati ya silinda mbili, maji yakaingia. Pistoni zote nne nzima, safi, hazina hata mkwaruzo. Nikazitoa, nikaziosha, nikazifunga katika kitenge nilichonunua katika duka la Kambale mwenyewe, nikawachukua wazee wangu, nikavuka daraja hadi kwao kina Masika.

Mwenyekiti alikuwa Shangazi yao, mwanamke mdogo wa mwili ambaye akikohoa wanaume wote wa ukoo ule walikaa wima. Kambale alianza.

"Miye nilisema akipasua moteur asivuke. Amepasua. Na amevuka!"

"Nimevuka na ushahidi," nikasema, nikafungua kitenge mkekani. "Mama, injini ni hizi. Kilichopasuka ni gasketi, kipande cha shaba tu. Hicho hupasuka ili wakubwa wapone."

"Gasketi iko ndani ya moteur ao inje?" Shangazi aliuliza.

"Ndani, Shangazi!" alisema Kambale.

"Katikati," nikasema mimi.

Wazee wakaanza kubishana, mmoja akisema kilicho katikati kiko ndani, mwingine akisema mpaka uko katikati na hauko ndani ya nchi yoyote. Shangazi akakohoa.

"Kambale. Siku ya harusi ya mudogo wako ulicheza mpaka suruali ikapasuka nyuma, batu yote baliona. Tulisema Kambale amepasuka?"

Kambale akajishika nyuma ya suruali.

"Tulisema nini?"

"Suruali, Shangazi."

"Basi." Na hapo ningekuwa nimeshaoa, kama asingeokota pistoni moja kuitazama. Akaizungusha. Akapitisha kidole utosini. "Hii kichwa mulinyoa?"

Kambale akaichukua. Akaona mistari ya mashine ya kukereza. Nilitazama mlango ulipo.

"Fundi. Kifua iko wapi?"

"Ilibaki Kasese, kasitoma."

"Boksi ilisema kumi na moja!"

"Boksi ndilo lilisema."

"Na ndani ilikuwa ngapi?"

"Tisa."

"Bwera yote inaniita Kumi na Moja!" Kambale alisema. "Masika! Na weye ulijua?"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikajibu, "Miye niliuza gasketi tu, kaka."

Shangazi alimwinulia mkono anyamaze. "Ule mutu wa chumvi iko na ngapi?"

"Kumi."

"Na weye ulimupiga na ngapi?"

Kambale alihangaika nayo. "Tisa."

"Tisa imepiga kumi, na uko nalilia kumi na moja?" Akageukia wazee wangu. "Tuongee mbuzi."

Tukaongea mbuzi, na sitawaambia idadi. Chakula kilipokuja, Kambale akanisogezea sahani ya nyama bila kunitazama. "Kula, beau-frère," alisema, na kwa lugha ya ng'ambo hiyo ni shemeji.

Tulipoinuka nilikusanya pistoni zangu, nikapata tatu. Ya nne Shangazi alikuwa ameshaifunga pembeni ya kitenge chake.

"Mama, hiyo ni ya injini."

"Uliileta mbele ya wazee?"

"Ndiyo, Mama."

"Wazee waliishika?"

"Waliishika."

"Basi imeingia katika mahari. Mahari hairudi."

Ndiyo maana, vijana, injini yangu kubwa kuliko zote iko gerejini Bwera ikiwa na pistoni tatu. Moja mpya huwezi kununua, zinauzwa kwa seti na zangu zilinyolewa kwa uzito wake. Seti nyingine Kambale hataki kusikia, anasema si zile zilizoshinda. Motoka imekaa juu ya mawe, imefunikwa kitenge kizuri, na bado jina lake ni Kumi na Moja. Mtu wa chumvi ameacha kuuliza.

Mimi nimestaafu. Mgongo ulisema, Masika akakubaliana nao, na sasa nakaa dukani kwake nyuma ya kaunta, chini ya bosi mkali kuliko Foreman na Afande wakijumlishwa. Nyinyi mnakuja na simu zenu zinazopiga hesabu zote, mnaniuliza siri. Siri haipo. Pima mwenyewe, nyoa taratibu, na injini usiijengee namba ya kutangaza sokoni, ijengee petroli iliyopo. Mteja akitaka kubwa, mpe boksi.

Ila lile jambo la pistoni ya nne halijanitoka rohoni. Shangazi anaitumia kutwangia vitunguu saumu, na anasema hakijawahi kutokea kitu kinachotwanga vizuri hivyo. Mwaka jana nilichongesha mchi mzuri wa mti mgumu, na kinu chake, nikavuka daraja nikampelekea ili tubadilishane. Alivipokea kwa mikono miwili, akanibariki mimi na watoto wangu. Pistoni bado anayo.